Galana, Tsana na Malka: Majina ya Mahali ya Bonde la Tana Kama Masimulizi

1.0 Utangulizi

Msafiri aondokaye Bangale, kwenye barabara ya Mwingi na Garissa, akateremka hadi Madogo na kisha akaufuata mto kupitia Bura, Hola na Garsen mpaka Kipini, hupita katika nchi ya lugha zisizopungua tano kabla ya kuiona bahari. Kiorma, Kisomali, Kimunyoyaya, Kielwana, Kipokomo na Kiswahili zimekaa bega kwa bega katika bonde hili kwa muda mrefu. Hata msafiri huyo asipozisikia zikisemwa, atazisoma vibaoni. Kila kijiji apitacho kina jina, na kila jina lina watu wanaolidai.

Kwa muda mrefu uchunguzi wa majina ya mahali katika upwa wetu umeshughulikia zaidi miji ya mawe. Tumeandika juu ya Mvita na Gongwa, juu ya Amu na Kiwandeo, juu ya Pate na Siyu, kwa sababu majina hayo yametajwa na washairi na yameingia katika tarikh. Bonde la Tana limeachiwa wanajiografia na maafisa wa ardhi. Makala haya yanakusudia kulirejesha kwa wahakiki wa fasihi. Hoja yetu ni moja: jina la mahali katika bonde hili ni masimulizi yaliyofupishwa ya namna watu walivyopatumia mahali hapo, wala si hati ya kuthibitisha nani alitangulia kupamiliki. Anayelisoma jina kama hati ya umiliki hukosea kifasihi, na katika nchi ya Tana kosa hilo la usomaji limekuwa na gharama nje ya darasa.

Tutaanza na mto wenyewe, kisha tutatazama majina ya wafugaji na ya wakulima, tofauti kati ya jina lisikiwalo na jina liandikwalo, mtego wa kutafuta asili kwa kufananisha sauti, na mwisho kisa cha mji mmoja wenye majina mawili.

2.0 Mto na majina yake

Katika Kiorma, ambacho ni lahaja ya Kioromo, neno galana hutaja mto mkubwa usiokauka, na neno laga hutaja mkondo wa msimu ujaao wakati wa mvua na kubaki mchanga wakati wa kiangazi. Tofauti hii ni ya uhai na mauti kwa mwenye ng'ombe. Ramani ya Kenya imeyapokea maneno yote mawili, lakini imeyapokea bila maana zake. Kusini ya Tana upo mto ambao huanza kwa jina la Athi, ukaitwa Galana katikati ya safari yake, na kumwaga maji baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Anayesema "Mto Galana", kwa hiyo, anasema "Mto Mto".

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Huko Uingereza ipo mito kadhaa iitwayo Avon, na neno hilo limetokana na lugha ya Waselti waliokuwapo kabla ya Waingereza, ambamo maana yake ni mto tu. Mgeni aliuliza, mwenyeji akajibu kwa kutaja kitu, na mgeni akaandika jibu kama jina. Tunapokuta jina la namna hii tunajua mambo mawili kwa uhakika: kwamba palikuwa na mazungumzo, na kwamba waliozungumza hawakuwa wa lugha moja. Hiyo ni habari ya kihistoria, tena ni habari ya maana. Inatuambia nani alikutana na nani, lakini haituambii nani alikuwa wa kwanza kufika.

Tana nao una majina yake. Wapokomo huuita Tsana. Huko juu, karibu na chanzo chake, Wakikuyu wana Thagana, jina ambalo maandishi rasmi yamelifanya Sagana. Kutoka nyanda za juu hadi bahari mto huu husafiri takriban kilomita 1,000, na ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Si ajabu kwamba majirani wasioonana waliupa majina tofauti, kila mmoja akitaja ile sehemu aliyoijua. Jina "Tana" tulitumialo leo ni la ramani, nalo limeufanya mto uonekane kitu kimoja, ilhali kwa waliokaa kando yake ulikuwa mito kadhaa.

Wala mto wenyewe haukukaa mahali pamoja. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliunganisha Tana na Mto Ozi, na hatimaye maji ya Tana yakahamia mlango wa Ozi huko Kipini. Mlango wa zamani ulibaki upande wa kusini bila mto wake. Tangu hapo anayesimama Kipini husimama penye mlango wa Tana kwa mujibu wa ramani, na penye Ozi kwa mujibu wa kumbukumbu. Majina yote mawili ni sahihi, kila moja kwa wakati wake.

3.0 Majina ya wafugaji na majina ya wakulima

Neno la Kiorma lililo muhimu kuliko yote katika jiografia ya Tana ni malka. Malka ni mahali ambapo ukingo wa mto umelala kiasi cha kuwawezesha mifugo kuteremka na kunywa, au watu kuvuka. Kwa upana zaidi ni njia nzima iendayo hapo kutoka malishoni. Neno hili limeenea kote waliko wasemaji wa Kioromo: ipo Malka Mari kwenye mto Daua kule Mandera, na ipo Malkadaka kwenye Ewaso Nyiro kule Isiolo. Jina linaloanza na malka huwa limekwisha kutoa habari yake kabla halijamalizika. Linasema: hapa ng'ombe hupita.

Hali kadhalika neno oda, ambalo tunalisikia katika Wachu Oda, karibu na Garsen, hutaja mkuyu. Lakini kwa Waoromo mkuyu si mti wa kivuli tu. Chini yake wazee hukutana, mashauri hukatwa na sheria hutangazwa, na baadhi ya vituo vikuu vya historia ya Waoromo nchini Ethiopia hujulikana kwa jina la oda. Kupaita mahali Oda ni kusema kwamba hapa watu walikaa wakasemezana.

Upande wa wakulima jina hujengwa kwa namna nyingine. Wapokomo ni Wabantu wa kundi moja na Waswahili, Wamijikenda, Waelwana na Wangazija, kundi ambalo wataalamu wa isimu wameliita Sabaki kwa kufuata jina la ule mto wa Malindi. Kiambishi -ni cha mahali, tukijuacho sote, hufanya kazi yake kote bondeni. Tuchukue majina mawili: Mikinduni na Mnazini. Yote mawili ni ya miti, na msomaji wa haraka atayaweka katika kapu moja. Tukiyasoma kwa makini tunaona tofauti. Mkindu huota wenyewe penye unyevu, na watu huufuata kwa ajili ya ukindu wa kusukia mikeka. Jina lake limewekwa katika wingi, kwa kuwa mikindu huota kwa makundi. Mnazi hauoti bondeni bila mkono wa mtu. Lazima aliyeupanda awe alitarajia kukaa miaka ya kutosha kuyala matunda yake, na jina limewekwa katika umoja, kana kwamba palikuwa na mti mmoja uliotosha kuwa alama. Mikinduni ni jina la mtu aliyekuta. Mnazini ni jina la mtu aliyeotesha. Katika silabi nne tumepewa aina mbili za uhusiano na ardhi.

Hapa ndipo historia ya majina inapogusana na historia ya watu. Kwa mila ya Kipokomo ardhi ya ukoo hukatwa kama ukanda, kuanzia ukingo wa mto kuelekea bara, na mashauri yake huamuliwa na wazee wa gasa. Kwa desturi ya Waorma mifugo huteremka mtoni na deltani wakati wa kiangazi na kurudi nyikani mvua inyeshapo. Mkulima hulitaja eneo kwa kilichooteshwa, na mfugaji hulitaja kwa kinachopita. Mahali pamoja paweza kuwa shamba kwa miezi kadhaa na njia kwa miezi mingine, na kwa hiyo pakawa na majina mawili ambayo hayapingani. Yanapokezana, kama majira yapokezanavyo.

Mapatano hayo ya majira yalihitaji nafasi, na nafasi imepungua. Mabwawa yaliyojengwa sehemu za juu za mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yalibadili namna mafuriko yanavyolifikia bonde. Miradi ya kilimo na mashamba makubwa imechukua sehemu za ukingo. Mpango wa kupima ardhi na kuigawa kwa hati ulipoletwa mwanzoni mwa karne hii, wakulima wengi waliuona kama kinga, na wafugaji wakauona kama kufungwa kwa malka. Mwaka 2001 mapigano yaliwaua watu zaidi ya mia. Mwezi Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa na watu zaidi ya hamsini wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, na visasi vikaendelea hadi mwanzo wa 2013. Hatudai kwamba majina yaliwaua watu hawa. Siasa, silaha na uchache wa maji na malisho vilikuwapo. Tunachosema ni kwamba katika kila baraza la ardhi jina huletwa kama shahidi, na shahidi huyo huulizwa swali asiloweza kulijibu. Huulizwa: wewe ni wa nani? Naye ajuavyo ni kusema: hapa palifanywa hivi.

4.0 Jina lisikiwalo na jina liandikwalo

Nilipokuwa Bangale niliandika jina la mahali kwenye daftari na kumsomea mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa mwenyeji wangu. Alitabasamu. "Mwalimu," akaniambia, "umeliongezea mkia." Kisha akalitamka mwenyewe, na irabu ya mwisho ilikuwa pumzi tu, karibu na kutosikika.

Mzee yule alikuwa amegusa kanuni ya lugha yake. Katika lahaja za Kioromo cha kusini irabu fupi ya mwisho wa neno aghalabu hunong'onwa. Sikio la Kiingereza halikuisikia, na kalamu ikaandika Bangal. Sikio la Kiswahili aghalabu hutaka neno liishie kwa irabu, likaikamilisha, na kalamu ikaandika Bangale. Ndiyo sababu maumbo yote mawili yapo katika maandishi hadi leo. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja aliandika alichoweza kusikia. Lakini mwenye jina alilitamka kwa namna ya tatu, na hiyo haikuandikwa.

Msomaji wa tamthilia atakumbuka hapa kazi ya Brian Friel, Translations, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1980. Wakati wake ni mwaka 1833, mahali ni kijiji cha Kigaeli huko Donegal, Ireland, na kisa ni cha wanajeshi wa Uingereza waliokuja kuchora ramani na kuyaandika upya majina yote kwa tahajia ya Kiingereza. Baile Beag, yaani mji mdogo, panakuwa Ballybeg, jina ambalo kwa Kiingereza halina maana yoyote. Sehemu inayotuhusu zaidi ni mjadala juu ya njia panda iitwayo Tobair Vree. Jina hilo lilitokana na kisima cha mtu aitwaye Brian. Kisima kimekwisha kukauka, wala hakikuwa penye njia panda hasa, na habari ya Brian imebaki kwa mtu mmoja. Je, jina lihifadhiwe? Anayeuliza ni Mwirishi anayewafanyia kazi wachora ramani, na anayetaka lihifadhiwe ni afisa Mwingereza. Friel hatuachii faraja ya kuwagawa watu katika wema na wabaya.

Kando ya bahari ya Wagaeli yapo majina mengi yenye mwanzo wa Inver, kama vile Inverness, yaani mlango wa mto Ness. Hayo nayo yaliandikwa na masikio ya kigeni na yakaendelea kuishi. Wageni wanaoyatamka hawayaelewi, bali umbo lake limehifadhi maana kwa yeyote atakayejifunza lugha yake. Twaweza kusema vivyo hivyo juu ya Galana na Malka. Tahajia mbovu hulijeruhi jina, lakini hailiui. Kinachoua jina ni kukosekana kwa mtu wa kulisimulia.

Upwa wa Tana una mfano wa jina lililoandikwa na wale ambao hawakuuliza kabisa. Ghuba iliyopo mbele ya Kipini, ambayo leo twaiita Ghuba ya Ungwana, ilijulikana katika ramani za Wazungu kwa jina la Formosa, neno la Kireno la kusifu uzuri. Mreno aliitazama pwani kutoka jahazini akaona sura yake. Mwenyeji aliitaja kwa mji uliokuwa juu yake, mji ambao magofu yake yalichimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Formosa ni jina la macho yaliyo baharini. Ungwana ni jina la watu waliokuwa nchi kavu, na ni neno zito: hutaja hali ya kuwa mwungwana, yaani si mtumwa, na hutaja mwenendo unaoilingana hali hiyo. Wamisionari waliofuata baadaye, Wamethodisti waliofungua kituo Golbanti mwaka 1885 na Wajerumani wa Neukirchen waliofika Ngao mwaka 1887, hawakuyabadili majina ya mahali pao. Waliyaandika katika barua na taarifa, na kwa kufanya hivyo waliyakazia umbo moja.

5.0 Mtego wa kufananisha sauti

Kila msemaji wa Kiswahili akisikia Ngao hufikiri ngao ya vita. Akisikia Kipini hufikiri mpini mdogo wa kisu, au pambo la pua. Akisikia Wema hufikiri mwenendo mwema. Vivyo hivyo Mworma akisikia Hola aweza kumkumbuka kondoo, kwani hoolaa kwa Kioromo ni kondoo. Wote wamesikia maneno ya lugha zao, na wote wamo mtegoni. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa swali, si jibu lake.

Wanaisimu hukataa visa vya namna hii, na kwa upande wao wana haki. Mhakiki wa fasihi hana budi kuvipokea, ila avipokee kwa jina lake sahihi. Hivi ni visa vya usuli, utanzu uleule unaotueleza kwa nini fisi huchechemea na kwa nini bahari ina chumvi. Kisa cha usuli hakisemi kweli juu ya kale. Husema kweli juu ya anayekisimulia. Watu wanaposimulia kwamba Mvita imeitwa hivyo kwa sababu ya vita vilivyopiganwa huko, hawatupi asili ya jina. Wanatuambia jinsi wanavyojiona: watu wa mji usiokubali kutawaliwa bila kupigana. Basi swali la kumwuliza msimulizi wa kisa cha jina si "je, ni kweli?" bali "unakisimulia lini, na mbele ya nani?" Kisa kisimuliwacho watoto jioni na kisa kisimuliwacho mbele ya afisa wa ardhi vyaweza kuwa na maneno yaleyale, na visiwe kisa kimoja.

Tunao mfano bora katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye wenyeji wa Kipini na Ozi huonyesha mahali wanapoamini ni kaburi lake. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Wagala wanafika Pate, wanastaajabia nguvu za Liyongo, wanataka mbegu yake, naye anaoa kwao na kupata mtoto. Jina "Wagala" ni la kupewa; watu wenyewe hujiita Waorma na Waoromo, na leo jina hilo huhesabiwa kuwa la dharau. Hata hivyo tendo lenyewe limebaki katika kisa: shujaa mkuu wa ushairi wa Waswahili ameunganishwa kwa ndoa na watu wa malka. Wanaomdai Liyongo kuwa wao peke yao, wawe wa mji gani, hawana budi kukiacha nje kipande hiki cha utendi.

6.0 Hola na Galole

Tufike sasa katika mji ambao majina yake mawili yanaeleza zaidi kuliko nadharia yoyote. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizi ya Hola, walinzi wa serikali ya kikoloni waliwapiga wafungwa waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikufa kwa kipigo, na mwezi Julai mwaka huohuo jambo hilo lilijadiliwa vikali katika bunge la Uingereza. Jina Hola likawa neno la aibu duniani.

Kilichofuata ni kitendo cha lugha. Jina Hola liliondolewa katika matumizi rasmi, na mahali pakaitwa Galole. Hata mradi wa umwagiliaji uliokuwapo ukajulikana kwa jina hilo. Baada ya uhuru, katika enzi ya Rais Jomo Kenyatta, jina la Hola lilirejeshwa. Leo Hola ni makao makuu ya Kaunti ya Tana River, na Galole ni jina la eneo bunge lake.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha jina la kweli na jina la uongo. Tukikisoma hivyo tunapitwa na lililo zito. Galole halikuwa jina lililobuniwa London. Lilikuwa jina la hukohuko, la nchi ya wafugaji ambao wanaanthropolojia huwaita Waorma wa Galole. Serikali iliyotaka kulifuta jina moja la wenyeji ililiazima jina jingine la wenyeji ili kufunikia. Hivyo jina lisilo na hatia lilifanywa pazia. Mtu wa bara ambaye ndugu yake aliuawa kambini ana haki ya kutaka jina Hola litajwe, na mwenye ng'ombe ambaye babu yake aliishi Galole ana haki ya kutolisikia jina lake likiitwa jina la uongo. Haki hizi mbili hazipingani mpaka pale mtu anaposema kwamba mahali hapawezi kuwa na majina mawili.

Tulinganishe na yaliyotokea Bura. Skimu ya umwagiliaji ilipofunguliwa huko mapema katika miaka ya 1980 na watu kuletwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, vijiji vyake vilipewa namba. Namba haina kisa, kwa hiyo haimdhulumu mtu. Lakini pia haimpokei mtu. Mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha namba hana cha kuulizia. Kati ya kufuta jina, kufunika jina kwa jina na kukataa kutoa jina, ni vigumu kusema ni lipi linaloacha umaskini mkubwa zaidi.

7.0 Hitimisho

Methali yetu husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mijadala ya majina, na kwa kawaida hutajwa na mtu anayetaka kumfukuza mwingine. Ushahidi wa majina ya Tana unatutaka tuisome upya. Asili inayoonekana katika majina hayo si shina moja lenye matawi. Ni kama mto wenyewe, wenye vijito vingi, uliohama mlango wake, na ambao kila jirani aliuita kwa jina lake. Anayechagua kijito kimoja na kukiita asili ndiye aliyeiacha asili.

Karibu na Garsen lipo ziwa liitwalo Bilisa, na mashariki yake, ufukoni, yapo magofu ya Ungwana. Katika Kioromo bilisa ni aliye huru. Katika Kiswahili mwungwana ni asiye mtumwa. Hatuyaweki majina haya pamoja ili kudai kwamba yalitoka mahali pamoja. Tunayaweka pamoja kwa sababu msomaji ajuaye lugha zote mbili huyasikia pamoja, katika nchi iliyojua biashara ya watumwa, na ambamo watoro walipata hifadhi Witu kwa Sultani Ahmad aliyeitwa Simba. Usomaji wa namna hii hauwezi kumpa mtu ekari hata moja. Waweza tu kumfanya akisikie cha jirani yake.

Basi kazi iliyo mbele ya idara zetu ni ya vitendo. Majina ya malka, ya mashamba, ya maziwa na ya miti ya bonde la Tana yakusanywe kwa lugha zote za bondeni, pamoja na visa vyake, na kila kisa kiandikwe pamoja na jina la lugha yake, hadhira yake na wakati wa kusimuliwa. Pale penye majina mawili, yaandikwe mawili. Kazi hii haiwezi kungoja, kwa sababu kila mahali panapopimwa hupewa jina moja katika hati, na jina lisiloandikwa huanza kuhesabiwa kama lisilokuwapo.

Tunamalizia na jina la mtu. Wimbo wa taifa la Kenya, ulioimbwa uhuru ulipopatikana mwaka 1963, umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Mzee aliyehusishwa na wimbo huo anakumbukwa kwa jina la Meza Morowa Galana. Alikuwa Mpokomo, mtu wa mkono wa mkulima, na jina lake la mwisho ni lile neno ambalo Mworma hulitumia akiutaja mto. Hakuna aliyemwuliza alikuwa amelitoa wapi. Taifa zima husimama wima linapopigwa wimbo wake.